Mnyama Aliyepakwa Rangi

Katika wilaya nyingi za Marekani hufanywa kila mwaka maonyesho ya kilimo, na ndani ya maonyesho hayo aghalabu limo shindano moja ambalo mgeni hulicheka kabla ya kulifikiri. Mtoto huingia uwanjani akimwongoza kondoo, mbuzi au ndama, yeye na mnyama wake wakiwa wamevikwa kwa shauri moja. Mtoto akijifanya nyuki, mbuzi huwa ua. Mtoto akiwa mzimamoto, ndama huwa gari lake. Pale nguo isipotosha, rangi hutimiza upungufu: mbuzi mweupe hutiwa mistari akawa pundamilia, na kondoo hugeuzwa waridi tangu shingo hata mkia. Wengi wa watoto hao ni wanachama wa vyama vya vijana viitwavyo 4-H, ambavyo chanzo chake hutajwa kuwa ni klabu iliyoanzishwa Ohio mwaka 1902 ili watoto wa wakulima wajifunze kazi kwa mikono yao wenyewe. Mshindi hupewa utepe. Mnyama hapewi kitu.

Hapo ndipo penye swali. Kiumbe asiyeulizwa kama anataka kucheza, na asiye na fungu katika tuzo, anamdai nini yule amchezeshaye?

Wako wasemao kuwa hadai neno. Mbuzi, husema hao, hana kioo. Hajui kama amekuwa pundamilia au amebaki mbuzi, basi hana la kuonea haya. Hoja hii ni nyepesi, na labda wepesi wake ndio uliowafanya wengi waibebe. Ni kweli kwamba mnyama haijui rangi kama pambo. Lakini huijua kwa ulimi, kwa ngozi na kwa pua, na kwa njia hizo huijua kuliko mpakaji. Binadamu aliyepakwa hujitazama. Ng'ombe aliyepakwa hujilamba, na ndugu zake zizini humlamba pia. Kwa hiyo kila kitu kinachopakwa juu ya mgongo wa mfugo ni sawa na kitu kilichotiwa horini mwake. Rangi za zamani za nyumba zilizochanganywa na madini ya risasi zimewapofusha na kuwaua ng'ombe waliolamba mbao na makopo yaliyotupwa, wala hapana aliyekusudia kuwadhuru. Ujinga haukuhitaji msaada wa ukatili.

Ngozi nayo ina kesi yake. Rangi ya dukani ya kutia nywele za watu nyeusi hubeba dawa kali, na watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki hawahitaji ushahidi wa mbali juu ya jambo hili, maana wanaijua piko. Mkono uliopambwa kwa piko jioni ya harusi umeonekana mara nyingi ukiwa na malengelenge baada ya siku chache, hali hina ya majani haikumfanya bibi harusi neno. Bibi harusi huweza kulia na kupelekwa kwa mganga. Kondoo huificha ngozi yake chini ya sufu, na kidonda huonekana kimekwisha kuoza. Ndiyo sababu mpakaji mwenye busara hutumia vitu ambavyo yeye mwenyewe angeweza kuvila au kuvioga: wanga wa mahindi, chaki, hina safi, rangi ya chakula iliyozimuliwa kwa maji, au zile rangi zilizotengenezwa makusudi kwa kutia mifugo alama. Hujaribu kwanza mahali padogo, akangoja siku nzima kabla ya kuendelea. Huepuka macho, pua, mdomo, kiwele na kila palipochubuka. Huosha kwa maji na sabuni laini, wala hathubutu kuondoa rangi kwa mafuta ya taa, ambayo huunguza zaidi ya rangi yenyewe. Tena hukumbuka kwamba hata kisicho sumu kina gharama: rangi ya chakula ikikutana na siki na joto huishika sufu nyeupe kama imezaliwa nayo, na mwenye kondoo atakuwa na kondoo wa waridi mpaka siku ya kukata manyoya.

Lipo jambo jingine ambalo wapakaji husahau. Mwaka 2001 wataalamu wa chuo cha utafiti cha Babraham, karibu na Cambridge huko Uingereza, walitangaza kuwa kondoo huweza kuzikumbuka nyuso za kondoo wenzake hamsini kwa muda wa miaka miwili. Basi katika kundi uso ni jina. Mtu akimpaka kondoo mgongo amempamba. Akimpaka uso huenda amemfanya mgeni nyumbani kwake. Kuku naye akitiwa rangi peke yake miongoni mwa weupe huweza kudonolewa na wale aliokula nao jana. Yule aliyedai kuwa mnyama hana kioo hakufikiri kwamba wenzake ndio kioo chake.

Tuseme sasa yote yamefanywa kwa hadhari: hakuna sumu, hakuna jeraha, uso umeachwa ulivyo. Je, deni limekwisha? Jeremy Bentham, katika kitabu alichokitoa mwaka 1789, aliweka mizani moja tu: si akili ya mnyama wala usemi wake, bali kama aweza kuumia. Kwa mizani hiyo mbuzi asiyeumia hana madai. Waswisi wamekwenda mbele zaidi. Katiba yao tangu mwaka 1992 imeitaja heshima ya viumbe, na sheria yao ya wanyama iliyoanza kazi mwaka 2008 inahesabu kuwa ni kosa, pasipo sababu ya kutosha, kumdhalilisha mnyama au kuligeuza mno umbo lake, hata kama hakupata maumivu.

Ni vigumu kusema Waswisi wamekosea, lakini ni vigumu vilevile kuonyesha udhalili huo unakaa wapi. Haukai katika rangi. Huko Tijuana, Meksiko, punda wamepakwa mistari ya pundamilia kwa miaka mingi ili watalii wapigwe picha kando yao, nao husimama barabarani mbele ya mkokoteni wakingoja mteja. Huko Japani ng'ombe weusi walipakwa mistari meupe ya namna ileile, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa nzi wanaouma waliowatua walipungua karibu nusu. Mistari ni mmoja na mwenziwe. Punda amebeba haja ya mwingine, ng'ombe amebeba haja yake.

Mbuzi wa shindano yuko katikati ya hao wawili. Hafaidiki kama ng'ombe wa Japani, walakini hachekwi peke yake, kwa maana mtoto naye amevaa mbawa za nyuki na anachekwa pamoja naye. Ushirika huo una uzito wake, ila una kasoro moja: mtoto akichoka husema. Mbuzi husema kwa masikio, kwa pumzi, kwa kukataa kupiga hatua. Mtoto aliyekwisha kuamua moyoni kwamba, mbuzi akihema chini ya nguo na jua, atamvua na kutoka uwanjani bila utepe, huyo ana haki ya kumpaka rangi. Asiyeweza kuupoteza utepe hana, hata rangi yake ikiwa unga mtupu.

Mwenye kubisha atacheka. Atasema kuwa katika maonyesho hayohayo wengi wa wanyama hao hupigwa mnada mwisho wa juma wakaenda kuchinjwa. Kuna maana gani kulilinda jicho la Alhamisi ambalo Jumamosi litafumba? Pwani jibu linajulikana tangu zamani. Mchinjaji hanoi kisu mbele ya mnyama, wala hamchinji mmoja machoni pa mwenziwe, ingawa dakika chache zilizobaki hazibadili mwisho. Kifo hakimwondolei mnyama haki ya saa zinazokitangulia. Na kwa asiyejali hoja hiyo liko jibu la jikoni: kilichoingia katika ngozi ya mbuzi kinaweza kuingia chunguni.

Shindano likiisha, watu huhamia kwenye mnada na vyakula. Mtoto hubaki nyuma ya banda na ndoo, mbawa zake zimekunjika, akimwosha mbuzi kuanzia shingoni kuelekea nyuma ili maji yasimwingie machoni. Kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko ile ya kupaka, na hapana hakimu aje kuitazama.