Mwacha Asili

Wahenga walinena: mwacha asili ni mtumwa. Je, kauli hiyo yamhusu mtu mzima aiachaye kazi iliyomlea, akaenda kujifunza kompyuta? Tumtazame Grace Hopper, mwalimu wa hisabati wa Marekani, aliyeanza kuandika programu mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 37. Aliliacha darasa, ualimu hakuuacha. Alishikilia kuwa mashine ndiyo ifunzwe kufuata maneno ya watu, na katika miaka ya 1950 akaongoza kuundwa kwa FLOW-MATIC, lugha iliyopokea amri kwa maneno ya Kiingereza. Asili, basi, si kazi yenyewe, bali ni adabu tuliyofunzwa na kazi hiyo. Ahamaye nayo hakuiacha asili yake. Abakiaye pasi nayo, huyo ndiye mtumwa.