Unafuata Saa ya Nani?



Leo nina jambo la kuungama hadharani. Linahusu masanduku mawili ya kurekodia sauti, waya mmoja uliokosekana, na kijana wa besi ambaye nilimkosea.

Nilikuwa kwenye mwaka wangu wa uchungaji. Baba Paroko alisikia kwamba kabla ya seminari nilikuwa napenda kuchezea kompyuta na maiki, basi akanikabidhi kachumba nyuma ya sakristia: "Frateri, kwaya ya vijana inataka kurekodi. Wasaidie." Tulikuwa na sanduku moja la kuingizia sauti kwenye kompyuta, lenye nafasi nane za maiki. Sisi tulihitaji kumi na mbili. Tukaazima sanduku la pili, tukaliunga na la kwanza kwa waya wa mwanga. Sauti ya kwanza, ya pili na tenori zikaingia kwenye sanduku la kwanza. Besi zikaenda kwenye la pili.

Tuliimba Jumamosi nzima. Jioni nikavaa hedifoni nisikilize. Aisee! Kwenye besi kulikuwa na "tik"... kimya kidogo... "tik" tena, kama mtu anayebonyeza kalamu. Sauti nyingine zote zilikuwa safi.

Mimi nikafanya nini? Nikatafuta mtu wa kumlaumu. Kulikuwa na kijana mmoja wa besi asiyetulia, mikono yake muda wote iko mfukoni kwenye funguo. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba yeye ndiye anayetuharibia. Akakataa, nikasisitiza. Mwalimu wa kwaya akaniunga mkono, kwa kuwa Frateri amesema. Yule kijana akachukua baiskeli yake akaondoka, na Jumapili hakuonekana kwenye kwaya.

Wiki iliyofuata tukarudia besi bila yeye. "Tik" zilikuwa palepale.

Ndipo akaja fundi wa studio kutoka mjini. Hakugusa maiki hata moja. Alisoma tu vioo vya yale masanduku mawili, akasema, "Frateri, hivi vitu kila kimoja kina saa yake." Nikamjibu haraka, "Lakini kaka, vyote nimeviweka kwenye 48." Akacheka. "Vinasema namba moja. Havihesabu pamoja."

Ngoja nieleze kidogo, maana hapa ndipo nilipopata mahubiri yangu. Mashine ya kidijitali hairekodi sauti kama mto unaotiririka. Inaipima kwa vipande vidogo sana. Ukiiweka kwenye kilohezi 48, inapima mara 48,000 kila sekunde. CD za muziki hutumia 44,100. Kinachoiambia mashine "sasa pima, sasa pima" ni saa iliyo ndani yake, yaani kipande kidogo cha fuwele kinachotetemeka. Hakuna fuwele mbili zinazotetemeka sawasawa kabisa. Hata joto likibadilika kidogo, mtetemo nao unabadilika.

Chukua saa mbili zinazotofautiana kwa sehemu moja tu katika 100,000. Tofauti hiyo ni ndogo mno, lakini kwenye vipimo 48,000 kwa sekunde ina maana kwamba kila baada ya sekunde mbili hivi, sanduku moja limetangulia lingine kwa kipimo kizima. Kipimo hicho kinapotea au kinarudiwa, na pale ndipo unaposikia "tik". Hakuna sanduku bovu hapo, kila moja ni zima kwa saa yake. Ubovu uko kati yao.

Tiba yake si ngumu. Kwanza, chagua saa moja iwe kuu. Kwetu ilikuwa ya sanduku la kwanza, lile lililoungwa na kompyuta. Pili, peleka ishara ya saa hiyo kwenye sanduku lingine. Fundi alitumia waya mfupi wenye vichwa vya duara vya kuzungusha. Tatu, ingia kwenye menyu ya sanduku la pili, uliambie liache saa ya ndani lifuate ya nje. Waya peke yake hautoshi! Nne, mwisho wa waya lazima ufungwe kwa ukinzani wake, omu 75. Baadhi ya mashine zina swichi yake. Ukiachwa wazi, ishara inagonga mwisho na kurudi nyuma kama mwangwi, ikivuruga ile inayokuja. Halafu unatazama taa. Kwanza inawakawaka, kisha inatulia. Ikitulia, maana yake limeshika saa ya mwenzake.

Tukarekodi dakika tano. Hakuna "tik". Wote wakapiga makofi, isipokuwa mimi.

Wapendwa, katika Injili ya Yohane kuna neno linalorudi tena na tena, nalo ni hili hili: saa. Kule Kana, Mama anapomweleza kuhusu divai, Yesu anajibu kwamba saa yake bado. Katika sura ya saba ndugu zake wanamsukuma aende Yudea kwenye Sikukuu ya Vibanda akajionyeshe kwa watu. Anawaambia kwamba kwao kila wakati unafaa, ila wakati wake haujafika. Katika sura ya kumi na mbili saa hiyo inakaribia, na roho yake inafadhaika. Hajifanyi shujaa asiyeogopa. Lakini haombi aepushwe nayo, kwa sababu ndiyo aliyoijia. Kisha katika sura ya kumi na saba anainua macho mbinguni na kumwambia Baba kwamba saa imefika.

Umeona? Hata Mwana wa Mungu hakuishi kwa saa ya ndani. Hakuwahishwa na ndugu zake wala hakucheleweshwa na hofu yake. Alifuata saa ya Baba. Na je, kwa kufuata alipoteza sauti yake? Hapana. Hakuna aliyewahi kuwa huru kama yeye.

Hilo linagusa hofu tuliyo nayo wengi. Tunadhani tukimkabidhi Mungu saa yetu tutafutika: hatutacheka tena, hatutakuwa na ndoto zetu. Nenda kamtazame yule fundi. Hakulizima sanduku la pili. Besi ziliendelea kupita humo humo, nzito na nzuri kama zilivyokuwa. Kilichoondoka ni "tik" tu. Wala saa kuu haimfanyi anayeimba ovyo aimbe vizuri, mazoezi yanabaki mazoezi. Kazi yake ni kuwafanya wengi wawe wimbo mmoja.

Sasa nirudi kwangu. Nilipokuwa nasoma falsafa tulisoma Maungamo ya Mtakatifu Augustino, kitabu cha kumi na moja, anapohangaika na swali la wakati na kujiona ametawanyika humo hadi Mungu amkusanye. Niliandika kurasa nyingi juu yake, nikapata alama nzuri. Nilisali Masifu kila asubuhi kengele ikilia. Kwa nje kioo changu kilisoma 48. Lakini siku ile kwenye kile kachumba nilikuwa naendeshwa na saa yangu: haraka yangu, sifa yangu, woga wangu wa kuonekana sijui. Kijana wa watu akalipia.

Kwa hiyo nakuuliza na wewe. Kwenye jumuiya mnagombana, na wote mnasali Rozari ileile. Wewe na mchumba wako wote mnasema "Mungu kwanza", lakini kila mmoja anahesabu kivyake. Nyumbani kila mtu ni mwema na bado hamwelewani. Kabla hujatafuta mwenye funguo mfukoni, jiulize: mimi nafuata saa ya nani? Ya simu? Ya marafiki walioajiriwa na kuoa kabla yangu? Na kama nimeshaunga waya, yaani Misa naenda na Komunyo napokea, je, kule ndani nimeshabadilisha menyu? Au ninapokea ishara huku nikiendelea na saa yangu?

Nilimfuata yule kijana nyumbani kwao. Nilimkuta anaosha baiskeli. Nikamwambia, "Ndugu yangu, kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyepanga vile vyombo, na mimi ndiye niliyekusingizia. Nisamehe." Akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Frateri, hata lile la funguo halikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba hukuniuliza." Nikakosa la kujibu. Jumamosi iliyofuata alikuja, na kabla ya kuimba nilisema mbele ya kwaya nzima kile nilichokuwa nimemwambia peke yake, kwa sababu nilimwaibisha mbele ya wote.

Zoezi la wiki hii ni jepesi. Kanisa limetupa taa ya kutazama mara tatu kwa siku: sala ya Malaika wa Bwana, saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Weka simu ikukumbushe. Ukimaliza kusali, kaa kimya nusu dakika na umuulize Bwana: taa yangu imetulia au bado inawakawaka? Na kama kuna mtu uliyemhukumu kabla ya kumuuliza, usisubiri wiki iishe. Mfuate.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe uliyeisubiri saa ya Baba na ilipofika hukuikimbia, chukua saa zetu zinazogongana. Tupe moyo wa kukufuata, na unyenyekevu wa kurudi kwa wale tuliowaumiza kwa haraka zetu. Mama Maria, uliyesubiri pale Kana, utuombee. Amina.

Tumsifu Yesu Kristu!