Karamu Isiyokwisha

Ndugu zetu, usiku wa Idi iliyopita, katika mtaa mmoja wa hapa Lodwar, vijana wa darsa yetu walikodi spika, wakaiweka uwanjani mbali na msikiti, wakapiga nyimbo mpaka alfajiri ikakaribia. Mzee wetu mmoja, mtu mwema ambaye hatukumjua kwa hasira, alitoka na bakora akaivunja spika ile. Asubuhi yake wakatokea waliotaka vijana wale watolewe darsani. Siku chache baadaye tukaletewa barua kutoka Kakuma, ya kijana aliyekuwa amekuja kusherehekea Idi na jamaa zake. Yauliza kwa adabu nzuri: wazee wetu mwatukataza furaha hii, je, mmetupa ipi badala yake?

Tuliona si haki kulihukumu neno tusilolisikia. Tukaomba tupewe nyimbo zile, tukakaa watu 4 baada ya Isha tukasikiliza. Miongoni mwake zilikuwamo za kundi la Camp Mulla, vijana wa Nairobi, ambao albamu yao ya kwanza, Funky Town, ilitoka mwaka 2012. Si jambo jipya basi. Hawa waliocheza Idi walikuwa wadogo sana siku hizo. Lakini wakati wake kundi hilo lilivuma mno, na mwaka huohuo lilitajwa kati ya washindani wa tuzo za BET huko Marekani. Muziki wao ni wa kufokafoka, maneno yake mengi ni ya Kiingereza, na wimbo wao uliojulikana zaidi, Party Don't Stop, jina lake peke yake latangaza kwamba karamu haikomi.

Twakiri kuwa upigaji wake ni wa ustadi. Mmoja wetu alikuwa akitikisa mguu bila ya kujijua, na tulipomtazama akauficha chini ya kanzu.

Ama hukumu ya nyimbo, wanavyuoni wamehitalifiana tangu zamani, na si uaminifu kumficha kijana hitilafu hiyo. Ibn Masud, Mwenyezi Mungu amuwiye radhi, aliifasiri aya ya Sura Luqman inayotaja maneno ya upuuzi kuwa ni nyimbo. Ibn Hazm wa Andalusi alisema Hadithi zinazoharimisha ala za muziki hazikuthubutu. Imamu Ghazali katika Ihya aliruhusu kusikiliza kwa masharti, akatazama ni maneno gani, anayaimba nani, na yamwamsha nini moyoni anayeyasikia. Na sote twaijua habari ya vijakazi wawili waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi; Abubakar akawakemea, na Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache, kwani ilikuwa siku ya Idi. Mzee wetu mwenye bakora aizingatie habari hiyo kabla ya sisi kumwambia zaidi.

Basi tukiliacha la ngoma na midundo, tutazame maneno. Nyimbo za namna hii zasifu usiku, fedha, nguo, na kuonekana. Hiyo ni karamu ya walioingia ndani. Hakuna ndani yake anayeuliza aliye mlangoni ni nani, wala asubuhi watakula nini. Tena yadaiwa kuwa haina mwisho! Idi yetu ni tamu kwa kuwa imetanguliwa na mwezi wa njaa, na kwa kuwa itakwisha. Mwenye kusherehekea kila usiku hana Idi. Na kundi lenyewe halikudumu: miaka michache baada ya albamu ile lilivunjika, kila mmoja akashika njia yake. Hatusemi hili kwa kuwacheka, maana walikuwa vijana wadogo na sifa ziliwajia mapema kuliko umri.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, nyimbo hizo zasikilizwa wapi. Kakuma iko mwendo wa kilomita kama 120 kutoka hapa. Kambi yake ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudani kwa miguu, kisha wakaja Wasomali, Wakongo, Warundi na Waethiopia, na leo kambi hiyo pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu zaidi ya laki 2. Mwaka 2025 posho ya chakula ilipopunguzwa kwa sababu wafadhili waliacha kutoa, watu waliandamana. Katika hali hiyo kijana alala na simu sikioni, akiambiwa kwa Kiingereza kwamba karamu haikomi. Hatusemi mwenye njaa asiimbe. Nani amhitajiye faraja kuliko yeye? Twasema kwamba karamu hii hakualikwa, naye hajui, akadhani kuwa kuusikia mlio wake ni kuwamo.

Majirani zetu Waturkana, ambao wengi wetu twajiona bora kuliko wao, wana ngoma yao ya edonga. Huchezwa peupe, watu wakiruka na kuimba pamoja, na apitaye hujiunga. Hapana kadi mlangoni, kwa sababu hapana mlango.

Na hapa ndipo aibu yaturudia sisi. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba chakula kibaya kabisa ni cha walima ambamo matajiri huitwa na maskini huachwa. Mwaka jana mmoja wetu sisi tuandikao alimwoza binti yake. Ukumbi ulikodiwa, magari yakakodiwa, deni likakopwa ambalo hata leo halijalipwa. Mlangoni alisimama mtu na orodha ya majina. Mama wa Kiturkana aliyemchotea maji nyumbani kwake miaka mingi alisimama nje na wanawe, wakisikia harufu ya pilau mpaka watu wakatawanyika. Spika ilipigwa usiku ule pia, taarabu kwa sauti kuu, na hakuna aliyeivunja. Je, twaweza kuwakemea vijana kwa karamu ya watu wachache hali sisi ndio tuliowaonyesha namna yake?

Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la al-Islah huko Mombasa mwaka 1932, alitulaumu kwa kuiga ya wageni yaliyo upuuzi na kuyaacha ya elimu na bidii. Lawama ile bado ina mahali. Lakini kijana wetu asidhani kwamba kufokafoka kwenyewe ndiko upuuzi. Emmanuel Jal, aliyebebeshwa bunduki utotoni katika vita vya Sudani kisha akaletwa Kenya, ni mwimbaji wa kazi hiyohiyo. Mwaka 2005, mwaka ambao mapatano ya amani ya Sudani yalitiwa saini Nairobi, yeye Mkristo wa kusini alitoa albamu iitwayo Ceasefire pamoja na Abdel Gadir Salim, Mwislamu wa kaskazini. Watu wawili ambao pande zao zilikuwa zikiuana, wakaketi katika santuri moja.

Kwa hiyo jibu letu kwa barua ya Kakuma ni hili. Umeuliza tumekupa nini, na kweli mpaka sasa tumekupa makatazo tu. Idi ijayo, inshallah, darsa itapika uwanjani, si ukumbini, na nusu ya sufuria itakuwa ya wasio na majina katika orodha yoyote. Nyimbo mtachagua ninyi vijana, nasi tutakaa nanyi siku moja kabla tuzisikilize pamoja, na tutakaloliona baya tutalitaja kwa sababu yake. Ikifika saa 4 usiku spika itazimwa, watu walale waiwahi Alfajiri.

Hakuna kijana atakayetolewa darsani. Mwenye spika anadai fedha zake, naye ana haki: mzee wetu amekwisha kutoa nusu kwa mkono wake mwenyewe, na nusu iliyobaki tunaichanga sisi.