Almasi za Hamburg na Bima ya Mazishi

Septemba 1999 polisi wa Ujerumani walimkamata Mmarekani mmoja, Martin Frankel, hotelini mjini Hamburg. Alikuwa na pasipoti tisa na almasi 547. Almasi humfaa mtoro: nyepesi, haina jina, inaingia mfukoni. Lakini hizi zilikuwa na wenyewe, na wengi wao walikuwa watu wa kipato kidogo wa Mississippi na majimbo ya jirani, waliotoa dola chache chache kulipia bima ya mazishi wasiwaachie watoto deni la jeneza.

Frankel hakuvunja kabati la mtu. Kuanzia 1991, akijificha nyuma ya mfuko ulioitwa Thunor Trust, alinunua kampuni ndogo za bima: kwanza Tennessee, halafu Mississippi, Missouri, Oklahoma na Arkansas. Kampuni ikishanunuliwa, akiba yake ilipelekwa kwa dalali wa hisa, eti akainunulie hatifungani za serikali. Dalali alikuwa Frankel huyohuyo, kwa majina ya bandia, nyumbani kwake Greenwich, Connecticut, nje ya majimbo yote matano. Tume inayosimamia masoko ya hisa ilikuwa imempiga marufuku biashara hiyo tangu 1992.

Mwanakikoba yeyote atashangaa hapa. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu na funguo zake ziko kwa watu watatu. Siku ya mkutano fedha zinamwagwa mkekani, zinahesabiwa noti kwa noti mbele ya wote, ndipo daftari lifungwe. Wakaguzi wa majimbo yale walisoma daftari tu. Lilisema hatifungani zipo, wakaridhika. Tumezoea kuambiwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hii ilipotea na daftari lake likiwa safi kabisa.

Mwaka 1999 Mississippi ilipoanza kubana, ikitaka fedha zionekane, mambo yalimalizika haraka. Mwezi Mei zimamoto waliitwa Greenwich wakakuta nyaraka zinaungua. Kati ya zilizosalia mlikuwa na karatasi za unajimu: mwenye nyumba alikuwa akiziuliza nyota kama atafungwa. Mwenyewe alikuwa ameshatoroka, na zaidi ya dola milioni 200 hazikuwepo.

Sasa nani akusanye mabaki? Nchini Marekani kampuni ya bima iliyofilisika haipelekwi kwenye mahakama za shirikisho za ufilisi kama kiwanda au duka. Mfilisi wake ni kamishna wa bima wa jimbo lake, chini ya mahakama ya jimbo hilo. Akifika mpakani, sheria yake inaanza kupungua nguvu. Miaka ya 1930 kampuni moja ya Iowa ilianguka ikiwa na mali Montana. Mfilisi wa Iowa aliitaka yote, awagawie wadai kwa uwiano, lakini wadai wa Montana wenye hukumu mkononi wakaishika iliyokuwa kwao. Kesi hiyo, Clark dhidi ya Willard, ilifika Mahakama ya Juu mara mbili, na mwaka 1935 Montana ikashinda. Aliyekaa karibu na chungu alipakua kwanza. Mwaka 1939 ndipo ikatungwa sheria ya mfano: mfilisi wa nyumbani amiliki mali popote ilipo, na majimbo mengine yaweke wasimamizi wa kumsaidia. Si kila jimbo liliipitisha.

Ya Frankel ilikuwa ngumu zaidi, maana dola ya Arkansas na ya Missouri zilishachanganywa katika akaunti moja. Nani angesema almasi hii ni ya jimbo gani? Juu ya hapo serikali ya shirikisho nayo ilikuwa inakamata mali. Makamishna watano wangeweza kurudia vita vya Montana. Badala yake waliungana, wakafungua kesi kwa pamoja, na kwa hilo wanastahili sifa. Sifa za kabla ya hapo sina. Wakaguzi wa shirikisho, katika ripoti ya mwaka 2000, walieleza kwamba wasimamizi wa majimbo hawakuhakikisha mali iko mikononi mwa nani, na wala hawakupashana habari za mashaka yao. Barua moja kutoka Tennessee kwenda Mississippi miaka ya mwanzo ingegharimu stempu.

Frankel alikiri makosa mwaka 2002, na 2004 akahukumiwa kifungo cha miaka 16 na miezi minane. Mwaka 2006 makamishna walikuwa bado kwenye mahakama ya rufaa, safari hii wakiidai Vatikani, ambayo jina lake Frankel alilitumia kujipatia heshima.