Kinyonga niliyemuokoa

Nilikuwa Lushoto, kwenye njia iendayo Irente, nikamkuta mtoto kashika kijiti chenye kinyonga, anawaonyesha wageni wapige picha. Alikuwa yule wa Usambara mwenye pembe mbili puani. Nikampa mtoto shilingi elfu mbili, nikamchukua. Nikajiona nimetenda jema.

Nyumbani jirani akanishauri nimuue, ati mjusi tumeamrishwa kumuua. Nikamwambia amri ile ni ya mjusi kafiri, si ya kila kitambaacho. Nikaweka maji kwenye bakuli. Siku mbili hakuyagusa. Baadaye ndipo nikafahamu kuwa kinyonga hunywa matone yaliyo juu ya majani. Kumbe nilikuwa namuua kwa kiu huku najisifu kwa huruma!

Hapo nikamkumbuka yule mwanamke aliyetajwa na Mtume (s.a.w.), aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Miaka yote nilidhani Hadithi ile inawahusu wakatili tu. Kufuga si haramu, mdogo wake Anas bin Malik alikuwa na kindege chake na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Lakini ukishafunga mlango, riziki ya kiumbe yule iko shingoni mwako. (Na sheria ya wanyamapori ya 2009 inataka kibali, nami sikuwa nacho.)

Nikamrudisha vichakani. Kesho yake nikapita njia ile ile.

"Shikamoo mzee," akasema yule mtoto, kijiti mkononi. "Huyu je, humchukui?"