Jina Ambalo Sikuliandika Ubaoni



Mpendwa kijana mwenzangu, leo naanza na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na la mwingine utaniona mnafiki.

Ilikuwa Jumapili, baada ya Misa. Vijana wa kigango chetu huku Ufukoni tulikaa chini ya mwembe kuchagua viongozi wa kikundi. Ubao tuliuegemeza ukutani, na mimi nikapewa chaki niandike majina ya wanaopendekezwa. Mwenyekiti akapatikana, katibu akapatikana. Tulipofika kwenye mweka hazina, dada mmoja akanyoosha mkono akataja jina la kijana aliyekuja na mama yake kutoka ng'ambo ya Ruvuma, wakati vita vya Cabo Delgado vilipopamba moto.

Kijana huyu alikuwa hakosi mazoezi ya kwaya. Tukichangishana nauli ya kwenda kuimba kigango kingine, yeye ndiye aliyekuwa anashika daftari, na hesabu ilikuwa inatimia mpaka shilingi ya mwisho. Kila mtu pale alilijua hilo.

Kabla sijaandika, sauti ikatoka nyuma: "Huyo tunamjua wapi? Kesho akirudi kwao na hela zetu je?" Watu wakacheka. Mimi nikasimama na chaki yangu, nikisubiri mtu mwingine aseme kitu. Hakuna aliyesema. Mwingine akataja jina jingine, nikaliandika hilo. La kwanza sikuliandika.

Hakuna aliyemtukana, wala hakuna aliyemfukuza. Uchaguzi uliisha kwa sala, na yeye akatusaidia kurudisha mabenchi ndani. Wiki iliyofuata hakuja mazoezini.

Sisi tunajua kuchekwa

Si unajua sisi watu wa Kusini tulivyo? Tukifika Dar es Salaam tunataniwa. Neno "machinga" leo ni jina la kila mfanyabiashara mdogo wa barabarani, lakini lilianza kama jina la watu wa huku kwetu. Wengi wetu tuna bibi waliochanjwa nembo usoni, na tumewahi kusikia watu wakiwacheka kwenye basi. Tunajua inavyouma mtu akikupima kwa ulikotoka kabla hujafungua mdomo.

Na huyo wa ng'ambo ni nani hasa? Wamakonde wako pande zote mbili za Ruvuma. Mpaka ule waliuchora Wajerumani na Wareno, wala hawakumuuliza babu wa mtu. Kijana yule anasema Kimakonde kizuri kuliko mimi. Kumbe niliyemwacha nje ya ubao ni ndugu yangu kwa ukoo, kabla hata hatujafika kwenye undugu wa ubatizo.

Mitume nao walikuwa na tatizo hili

Fungua Matendo ya Mitume, sura ya 6, aya ya 1 hadi 7. Kanisa ni changa kabisa, Pentekoste bado iko karibu, na tayari kuna manung'uniko. Waamini wenye kusema Kigiriki wanalalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Wenyeji, yaani wale wenye kusema Kiebrania, wajane wao wanapata.

Angalia mitume walivyofanya. Hawakuwaambia walalamikaji wavumilie. Hawakutoa hotuba ya upendo halafu watu wakarudi majumbani na njaa yao. Waliita jumuiya nzima, wakaiambia ichague watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, ili wao ndio washike kazi ile ya mgawo.

Sasa soma majina ya wale saba taratibu: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Yote ni majina ya Kigiriki! Nikolao hakuwa hata Myahudi wa kuzaliwa, alikuwa mwongofu. Jumuiya ilichukua kazi yenyewe ya mgawo ikaiweka mikononi mwa watu wa upande ule uliokuwa unasahauliwa. Na mitume hawakuogopa. Waliwawekea mikono na kuwaombea.

Ndugu yangu, hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani kumpokea mtu ni kumkaribisha akae, apigiwe makofi siku ya kwanza, apewe soda. Hayo ni mazuri. Lakini mgeni wa kudumu anabaki mgeni. Mtu anakuwa wa nyumbani siku anapokabidhiwa ufunguo. Kiongozi anayejumuisha watu kweli utamjua kwa jambo hilo: anakabidhi ufunguo, hata kama kufanya hivyo kunaweza kumgharimu.

Mwalimu aliweka kiti chake rehani

Tunaye mfano wa karibu. Oktoba 1961, Tanganyika ikiwa imebakiza wiki chache tu kupata uhuru, Bunge lilijadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Uwaelewe: watu walikuwa wametoka kunyanyaswa kwa rangi yao miaka mingi, na kusema "sasa ni zamu yetu" lilikuwa jambo la kupigiwa makofi.

Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki aliyebatizwa Desemba 1943, alikataa. Alisema wazi kwamba uraia uwe wa uaminifu kwa nchi, usiwe wa rangi ya ngozi. Akaonya kwamba anayeanza kuwagawa watu kwa rangi hataishia kwenye rangi. Kesho atakuja na kabila. Na serikali yake ikalifanya jambo hilo kuwa la kufa na kupona: Bunge likikataa msingi huo, serikali itajiuzulu. Fikiria, mtu amepigania uhuru miaka yote hiyo, umebaki karibu mwezi na nusu, na yuko tayari kukipoteza kiti kwa ajili ya watu ambao ni wachache na ambao wala wasingeweza kumpa ushindi wa kura.

Wala hakuishia kwenye maneno. Mwaka 1965 Amir Jamal, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, akawa Waziri wa Fedha, na baadaye akashika wizara hiyo tena. Unaona? Hazina ya taifa zima. Na mimi nilishindwa kuandika jina moja kwa hazina ya nauli za kwaya.

Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, maelfu ya watu walivuka Ruvuma wakaja upande wetu. Wengi walipewa makazi, mengine huko Rutamba, Lindi. Mwaka 1983 Umoja wa Mataifa ulimpa Mwalimu medali ya Nansen kwa namna nchi yake ilivyowapokea wakimbizi. Kwa hiyo kijana yule wa kikundi chetu hakuvumbua njia mpya. Alipita njia ya wazee wake, na walioipita zamani walikuta mlango uko wazi.

Tuseme ukweli wote: Mwalimu hakuwa malaika. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi ilipitishwa mwaka 1962, na wapo walioumia. Kanisa limefungua mchakato wa kumchunguza, na leo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kazi ya kupima tunaiachia Kanisa. Lakini siku ile ya Oktoba 1961 inatosha kutufundisha. Kuna wakati kiongozi anatakiwa kusimama mbele ya watu wake mwenyewe, wanaompenda, na kuwaambia: hapana, hapa tunakosea.

"Lakini mimi si kiongozi"

Nilikuwa najitetea hivyo hivyo. Mimi nilishika chaki tu!

Haya, twende jirani hapa Lindi. Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2010 ulifanyika baada ya miaka kadhaa ya habari za kutisha za ndugu zetu wenye ualbino kuuawa, hasa Kanda ya Ziwa, kwa sababu ya imani za kishirikina. Wananchi wa Lindi Mjini wakamchagua Salum Khalfan Barwany kuwa mbunge wao, mtu mwenye ualbino wa kwanza nchini kushinda ubunge wa jimbo kwa kura. Waliofanya hivyo hawakuwa na vyeo. Walikuwa mama ntilie, wavuvi, wakulima wa korosho, Waislamu na Wakristo. Kila mmoja aliingia peke yake kwenye kituo akiwa na karatasi moja. Wakati wengine walikuwa wanamwona mtu mwenye ualbino kama kitu cha kuwindwa, wao walimpa sauti yao akawasemee Bungeni.

Kwa hiyo usiniambie huna nafasi. Una chaki. Kijiweni kwa bodaboda wewe ndiye unayejua kama mwenzetu kiziwi ataitiwa abiria au ataachwa. Kwenye ghala la korosho ukiwa msimamizi, wewe ndiye unayepanga nani apewe mzani na nani abebe magunia tu mpaka msimu uishe. Ofisini, wewe ndiye unayejua kama dada mwenye kiti cha magurudumu aliambiwa kikao kiko ghorofani. Kwenye jumuiya ndogo ndogo, wewe ndiye unayesikia mtu akisema "yule si wa hapa," na unachagua kucheka au kusema.

Na hofu je?

Wapo mtakaoniambia: "Rafiki, hali ya mpakani unaijua. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilivamiwa, watu wakafa. Tuwe wajinga?" Hapana. Hofu hiyo ni ya kweli na sitaidharau. Kuna familia zinalia mpaka leo. Kazi ya ulinzi ina wenyewe, na taarifa zinapaswa kutolewa panapostahili.

Lakini tutofautishe tahadhari na hukumu. Tahadhari inamhusu kila mtu. Hukumu inamhusu mmoja kwa sababu ya alikotoka. Kama tuliogopea hela, dawa ilikuwepo: sahihi za watu wawili, daftari lisomwe kila mwezi mbele ya wote, hela ikae benki au kwenye simu ya kikundi. Hayo tungemwekea mweka hazina yeyote, hata mtoto wa katekista. Tena kijana yule alikimbia haohao tunaowaogopa. Aliacha nyumba ikiungua. Tukimtazama kama mmoja wao, tumemjeruhi mara ya pili.

Mtume Yakobo, katika sura ya 2, anawakemea waamini waliokuwa wanampa tajiri mwenye pete nafasi nzuri na kumwambia maskini asimame kule. Anauita ubaguzi huo dhambi. Yaani si "mapungufu kidogo." Ni kitu cha kupeleka kwenye kitubio. Nami nilikipeleka. Padre akanisikiliza, akaniambia kwa upole kwamba toba yangu haijaisha mpaka nimtembelee mwenyewe.

Nilikwenda

Nilimkuta nyumbani kwao anashona nyavu. Mama yake akanikaribisha, akaniwekea mkeka, akaniletea dafu. Nikamwambia mwenzangu: "Siku ile mimi ndiye niliyekuwa na chaki. Nilisikia jina lako, sikuliandika. Naomba unisamehe."

Alinyamaza kidogo, akaendelea na nyavu. Kisha akasema: "Mimi cheo sikukitaka sana. Nilitaka tu nione jina langu pale. Hata ningekosa kura."

Hakuniambia kuwa yameisha. Nami sikumlazimisha. Amerudi Misani, anakaa benchi la nyuma, mazoezini bado. Msamaha ni wake, atautoa kwa wakati wake. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba uchaguzi ujao nikisikia jina, jina linaandikwa, na mtu akicheka, mimi ndiye wa kwanza kumuuliza kwa heshima anacheka nini.

Kazi ya wiki hii

Mosi, soma Matendo 6:1-7 na ujiulize: katika kikundi chetu, wajane wanaosahauliwa ni akina nani?

Pili, mtafute mtu mmoja ambaye mmemkaribisha lakini hamjawahi kumkabidhi kitu. Mpendekeze kwa kazi halisi: kusoma somo, kushika daftari, kuongoza sala. Usimpe kwa kumhurumia. Mpe kwa sababu anaweza.

Tatu, kama uliwahi kunyamaza kama mimi, nenda. Usitume meseji. Nenda kwa miguu yako.

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe ulizaliwa safarini na ukiwa mtoto ulikimbizwa ng'ambo, Misri, ukaishi kama mgeni. Utusamehe tulivyocheka, na tulivyonyamaza wengine walipocheka. Wape viongozi wetu wa kanisani, kazini na serikalini moyo wa kufungua milango hata inapowagharimu. Na sisi vijana wa pwani hii, utupe ujasiri wa kuandika kila jina ambalo wewe umeliandika mbinguni. Mtakatifu Stefano, utuombee. Amina.

Jumapili njema. Tukutane Misani, na ukifika, sogea kidogo kwenye benchi mwenzako apate pa kukaa.