Mwenye Kuijua Hatari Anadaiwa Nini?

Jioni moja ya mwezi wa Februari 2025, katika darasa letu la Kiswahili hapa Bujumbura, mwanafunzi mmoja alisimama akatuuliza: "Mwalimu, nimesikia kuwa kuna jiwe litakaloanguka kutoka angani mwaka 2032. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mbona sisi hatukuambiwa?" Wenzake walicheka. Sisi hatukuwa na jibu, tukamwambia akae, tukarudia somo la ngeli. Lakini usiku ule swali lake halikutuacha. Sehemu yake ya kwanza ni ya elimu ya nyota, nayo ina wataalamu wake. Sehemu ya pili ni ya maadili, na haina budi kumgusa kila mwalimu: mtu aijuaye hatari anadaiwa nini na yule asiyeijua?

Kwanza yafaa tuelewane juu ya maneno. Kiswahili kina neno la kale, kimondo, ambalo wengine hulitamka kimwondo. Maana yake ni ule mwali upitao angani usiku, na vilevile lile jiwe lifikalo ardhini. Jiwe hilo likiwa bado mbali, likilizunguka jua katika njia yake, wataalamu huliita asteroidi. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba asteroidi ni mgeni aliye njiani, na kimondo ni mgeni aliyekwisha kubisha hodi. Wageni hao wamefika hata kwetu. Kule Mbozi, kusini-magharibi ya Tanzania, kuna kimondo cha chuma chenye uzito wa zaidi ya tani 10. Na tarehe 14 Agosti 1992 mvua ya mawe ya angani iliunyeshea mji wa Mbale, Uganda, na viunga vyake. Kijiwe kimoja kilipita katika majani ya mgomba, kikapungua kasi, kikamgonga mtoto kichwani bila ya kumdhuru.

Jiwe aliloliulizia mwanafunzi wetu lilipewa jina la 2024 YR4. Liligunduliwa tarehe 27 Desemba 2024 kwa darubini iliyoko Chile. Hesabu za mwanzo zilionyesha kuwa huenda likaigonga dunia tarehe 22 Desemba 2032. Uwezekano huo ulipanda hadi asilimia 3.1 tarehe 18 Februari 2025. Kisha vipimo vilipoongezeka, ukashuka katika muda wa siku chache tu, hata hatari kwa dunia ikawa si ya kuhesabiwa. Wataalamu walichora ukanda wa mahali ambapo jiwe lingeweza kuangukia. Ukanda huo ulianzia Bahari ya Pasifiki, ukakata kaskazini ya Amerika ya Kusini, ukavuka Atlantiki na bara letu la Afrika, ukaishia Asia ya Kusini. Nigeria, Sudan na Ethiopia zilikuwa miongoni mwa nchi zilizotajwa.

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala wetu. Wahenga walisema kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii ni ya kweli kwa shimo lililo njiani na kwa moto ulio jikoni. Lakini jiwe lililo mbali kwa mamilioni ya kilomita halionekani kwa macho tuliyopewa. Huonekana kwa darubini, na darubini hizo zimo mikononi mwa wachache. Mkulima aliyekuwa akilima chini ya ukanda ule alikuwa na macho mazima, wala hakuweza kuona kitu. Basi yule mwenye darubini anapoona, huwa anaona kwa niaba ya mwenzake pia. Alichokiona si mali yake peke yake bali ni amana, na amana isiyorudishwa kwa mwenyewe ni deni.

Wapo watakaosema kwamba taarifa za namna hii huzaa hofu bure, na kwamba ni afadhali watu waachwe walale usingizi wao. Hoja hii ina huruma ndani yake, lakini inasahau kwamba kimya hakibaki kitupu. Baada ya mawe ya Mbale, baadhi ya watu waliamini kuwa yametumwa na Mungu yawe dawa ya ukimwi, wakayasaga na kuyala. Tusiwacheke. Walikuwa katika msiba mkubwa, na kitu kisichoelezwa kilipoanguka mbele yao, walikieleza kwa haja waliyokuwa nayo. Pasipo maelezo ya kweli, maelezo mengine hukaribishwa.

Tena maarifa madogo huweza kuokoa. Tarehe 15 Februari 2013 asteroidi yenye upana upatao mita 20 ililipuka juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi. Mwanga mkali ulitangulia, na mshindo ukachelewa kwa zaidi ya dakika moja. Watu wengi waliusogelea dirisha ili watazame. Mshindo ulipofika, vioo vilivunjika vikawakata. Waliojeruhiwa walikuwa kama 1,500, wengi wao kwa vioo. Katika shule moja, mwalimu wa watoto wadogo hakujua ule mwanga ulikuwa wa nini, lakini aliwaamuru wanafunzi wake wajifiche chini ya madawati. Yeye mwenyewe alikatwa vibaya. Watoto wake zaidi ya 40 hawakupata hata mchubuko. Laiti mji mzima ungalijua jambo moja tu, kwamba baada ya mwanga huja mshindo, wengi wangalikwenda mbali na madirisha.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nasi tuishio kando ya Ziwa Tanganyika tunaijua vizuri. Mtu wa Gatumba, ambaye maji ya mto Rusizi na ya ziwa yamemtoa nyumbani kwake, ana haki ya kutuuliza: "Mwaniambia habari za mawe ya angani, nami maji yamenifika kiunoni?" Hatuna haki ya kumjibu kwa haraka. Hatari iliyo karibu hutangulia hatari iliyo mbali, na anayepuuza mafuriko ili ahubiri habari za asteroidi amepotea. Lakini deni ni lilelile moja. Mvua kubwa ya Februari 2014, iliyoua makumi ya watu katika mitaa ya kaskazini ya mji wetu, ilituachia swali lilelile la mwanafunzi wetu: nani alijua, nani aliambiwa, na kwa lugha gani? Jamii iliyozoea kupeana habari za kweli juu ya mto itajua pia namna ya kupeana habari za mbingu. Iliyozoea kunyamaza itanyamaza kwa yote mawili.

Liko na jambo jingine lililoongeza uzito wa deni hili. Zamani jiwe la angani lilikuwa kudura tupu. Binadamu hakuwa na la kufanya ila kuomba. Tarehe 26 Septemba 2022, chombo cha Marekani kiitwacho DART kiligongeshwa kwa makusudi juu ya Dimorphos, jiwe lizungukalo jiwe kubwa zaidi angani. Mzunguko wake, uliokuwa wa saa 11 na dakika 55, ukapungua kwa zaidi ya nusu saa. Kumbe mgeni aweza kugeuzwa njiani, mradi aonwe mapema. Lakini jiwe likisukumwa bila ya kutosha, hatari yaweza kuondoka juu ya nchi moja ikaelekea nyingine iliyo katika ukanda uleule. Nani basi ataamua lisukumwe upande gani? Asiyejua lolote hataulizwa, na akiulizwa hatakuwa na la kusema. Hivyo kumnyima mtu habari ni kumnyima pia kiti barazani.

Wiki iliyofuata tulimrudia mwanafunzi wetu na jibu. Tulimwambia kwamba hatari ilikuwapo, ilikuwa ndogo, na sasa imeondoka. Akatuuliza tena: "Kumbe walikuwa wakitudanganya?" Tukamjibu kuwa hapana. Onyo si utabiri. Mlinzi asikiaye kishindo usiku akaamsha watu, kisha ikaonekana ni paka, hakusema uongo. Angalisema uongo kama angalidai ameona mwizi. Kwa hiyo aonyaye ana wajibu wa aina tatu: kusema ukubwa wa hatari bila ya kuuongeza wala kuupunguza, kusema la kufanya, na kurudi kusahihisha mambo yanapobadilika. Onyo lisilo na la kufanya ni kitisho tu.

Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2029 kuwa mwaka wa kimataifa wa kuwaelimisha watu juu ya asteroidi na ulinzi wa dunia. Usiku wa tarehe 13 Aprili 2029, asteroidi iitwayo Apophis, yenye upana wa mita zaidi ya 300, itapita kiasi cha kilomita 32,000 kutoka usoni mwa dunia. Haitatugonga. Mawingu ya masika yakituruhusu, sisi wa Afrika tutaiona kwa macho, bila ya darubini, ikipita kama nyota isafiriyo. Usiku huo wanafunzi wetu watatuuliza, na majirani pia. Watauliza kwa Kirundi na kwa Kiswahili, huko Buyenzi na Kinama. Walimu wenzetu, tusiwaambie wakae.